Aliniambia Nikitupe Kile Kijiwe, Sasa Amekuja na Wazee Kukiomba

Admin, ukiiweka hii usiache hata herufi moja ya jina langu. Amagoro ni ndogo, na dada za mume wangu wako humu kwa page wanasoma kila kitu. Jina la mtoto nimelibadilisha.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, nina mtoto mmoja, nafundisha fizikia katika shule moja huku Teso Kaskazini. Shule yetu ina sumaku mbili, na moja imevunjika. Nacheka nikiandika hivyo, lakini ni kicheko kichungu, kwa sababu kabla ya kurudi huku kazi yangu yote ilikuwa sumaku.

Mume wangu ni wa Busia. Tulisoma ng'ambo na tukafanya utafiti katika maabara moja. Niwaeleze kidogo msipotee. Kuna madini ambayo ukiyapoza sana, kushinda friji yoyote mnayoijua, yanapitisha stima bila kupoteza chochote njiani. Sisi tulikuwa tunatafuta aina ambayo vitabu vimeshindwa kuieleza. Ndani yake kuna visumaku vidogo visivyoonekana, na kila kimoja kinataka kumpa jirani yake mgongo. Vikiwa viwili, sawa. Vikikaa vitatu kwa pembetatu, cha tatu hakijui kimpe nani mgongo, basi hakuna kinachotulia. Nilipomweleza mama yangu alisema, "Hiyo si ni nyumba ya wake wengi tu?" Tulicheka mpaka machozi. Sikujua.

Yeye kazi yake ilikuwa kupima, mimi nilikuwa wa kukuza. Unayeyusha unga wa madini kwenye tanuri, unauacha ugande polepole mpaka uwe kijiwe kimoja safi. Wenzangu wakishamaliza walizima tanuri na kutoa. Mimi nilikuwa nakiacha kipoe humohumo ndani siku baada ya siku, jinsi mama yangu alivyokuwa anaacha vyungu alivyochoma vipoe ndani ya jivu lake. Mume wangu alinigombeza. "Unachelewesha watu. Hapa si jikoni kwa mama yako."

Kijiwe changu kimoja ndicho kilichotoa majibu. Tulikuwa wawili mbele ya mashine. Mstari kwenye skrini ukashuka, ukashuka, ukagonga sufuri: stima ilikuwa inapita bila kupotea hata kidogo. Nililia. Akanikumbatia, akasema tumefika.

Muda si mrefu nikashika mimba. Aliniambia nije nijifungulie kwetu kwa amani, nafasi yangu ataitunza. Nikipanga sanduku nilimuuliza kuhusu kipande kilichobaki, cheusi, kikubwa kama punje ya maharage. Hata hakugeuka. "Hiyo ni taka. Tupa." Sikutupa. Nilikiweka kwenye kichupa cha dawa na pamba, nikaja nacho.

Nafasi yangu aliitunza kweli. Alimpa msichana aliyekuwa mwanafunzi wake, kwanza kwenye tanuri, halafu kitandani. Utafiti ulipochapishwa, majina yao wawili yalikuwa juu. Mimi niliwekwa chini kabisa, kwenye shukrani, pamoja na fundi wa mitungi ya gesi.

Sasa wataalamu wa kwingine wamejaribu na hawapati kitu. Huyo msichana amekuza vijiwe vingine, navyo ni bure. Watu wameanza kusema mume wangu alipika majibu. Mimi najua shida iko wapi. Hakuandika jinsi nilivyokipoza, kwa sababu kwake yale yalikuwa mambo ya jikoni.

Jumamosi iliyopita alikuja kwa mama yangu huko Moding na wazee wawili, sukari na mkate mkononi. Miaka yote hii hakukanyaga hapo, hata mtoto alipolazwa. Mjomba wake ndiye alianza, akinigeukia mimi.

"Mama Akiru, sisi hatukuja na vita. Huyu kijana anasema uko na kajiwe kake. Kama ni ya bei, sema. Hata ng'ombe tunaweza ongea."

Mama yangu akamwangalia. "Mzee, mliacha mtu hapa mkanyamaza. Leo mmekumbuka jiwe?"

Mume wangu akainamisha kichwa. "Nisaidie tu nayo. Kazi yangu inaisha."

"Na jina langu?"

"Hiyo tutaona. Si mimi peke yangu naamua."

Hata hapo hakuniuliza nilikipozaje. Aliomba jiwe tu. Akiru akaleta maji ya kunawa. Anafanana na baba yake mpaka masikio. Mume wangu akanyoosha mikono, akamwambia, "Asante, dada. Unaitwa nani?" Mjomba alikohoa. Mtoto akataja jina lake na jina la ukoo wa baba yake, akaondoka na beseni. Nimechukia mtu maishani, lakini hivyo sijawahi.

Watarudi Jumamosi hii. Msiniambie nikipime mwenyewe, nimewaambia kuhusu sumaku zetu. Msiniambie nikipeleke kwa wale wanaombishia, niliwaandikia, wakajibu hawapokei kitu kutoka kwa mtu asiye na maabara. Dada yangu anasema nikitupe chooni yaishe.

Nikinyamaza, atazama, na Mungu anisamehe, wazo hilo limenipa usingizi mzuri wiki hii. Lakini ataizamisha na ile siku ya mbele ya mashine. Watasema mstari haukushuka kamwe, na ulishuka, niliuona kwa macho yangu. Hicho kijiwe ndicho kitu cha kweli pekee nilichotoka nacho kwenye ile ndoa, ukiondoa mtoto. Nikimpa, dunia itaamini, naye atapigiwa makofi, mimi nirudi kule chini kwa fundi wa gesi.

Kichupa kiko kabatini nyuma ya vikombe. Ndugu zangu, nimwache aitwe mwongo kwa jambo ambalo ni kweli, au nimpe ukweli wangu auvike jina lake? Mngekuwa nyinyi, mngempa?