Pembe Fupi za Pongo

Naikumbuka siku moja, mwanangu, baba yangu aliponipa pembe za pongo, yule swala wa vichakani, nizishike. Sijapata kukanywa vizuri kama siku ile.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda huku Litembo kutafuta kahawa, na kila mwenye jembe akajiona tajiri. Nami kichwa kikavimba. Mama yako alikuwa na ngolo zake kilimani, yale mashimo tunayozungushia nyasi zilizofukiwa na kupanda maharage kwenye kingo zake. Nikazisawazisha zote, nikapanda miche ya kahawa. Mama yako hakusema neno, na kwa ujinga wangu nikadhani amekubali.

Dada yako mkubwa ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa. Asubuhi uji mtupu, jioni ugali na majani ya maboga. Nywele zikaanza kuwa nyekundu, miguu ikakonda. Mimi huyo, nahangaika na miche yangu.

Basi baba akaja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku akimtazama mtoto tu. Akatoa kikapuni mafuvu mawili ya pongo dume, aliowatega zamani walipokuwa wakimlia mahindi. Meno ya wote yalikuwa yamelika kwa uzee, lakini mmoja pembe zake ndefu, zimejisokota, na mwingine fupi kama kidole.

"Huyu alikua mwaka wa njaa," akasema, akinishikisha zile pembe fupi. "Baadaye majani yalipatikana, akanenepa, nyama yake nimeila mimi. Pembe hazikuongezeka. Zina wakati wake wa kukua. Sasa niambie, mtoto huyu ataisubiri kahawa yako mpaka lini?"

Nililia, ndiyo, mwanaume mzima. Kesho yake nikang'oa miche, nikamwomba mama yako radhi, tukachimba ngolo upya. Baba akatupa maharage ya kula mpaka yetu yakomae. Dada yako akapona.

Lakini alibaki mfupi. Hata leo akitaka sufuria ya juu humwita mwanawe amteremshie, naye hucheka. Mimi huwa sicheki.

Mkeo amejifungua, mwanangu, na nasikia unataka kupanda parachichi hadi mlangoni. Panda, sikukatazi. Ila shamba la maharage la mkeo usiliguse, na yai likipatikana lianzie kwa mtoto kabla ya mgeni, kabla yako wewe. Mifupa yake inakua sasa hivi, tunapozungumza.

Mungu akubariki, mwanao akupite kimo, umtazame kwa kuinua uso.