Udi wa Wakaguzi

Mpaka leo nikipita Ngamiani kuna mama muuza mbaazi ananiita bibi harusi, na mimi nainamisha kichwa napita, kwa sababu harusi haikuwepo na yeye anajua, moshi tu ndio uliokuwepo, na moshi wenyewe ulikuwa wangu.

Nafanya usafi kwenye maabara ya kupima damu, mkojo na vitu vingine nisivyoweza kuvitaja mkiwa mnakula. Tulikuwa tunatafuta ithibati, yaani kuthibitishwa kwamba majibu yetu yanaaminika, na mkuu wetu Bi Rukia alishatuambia tukiikosa hospitali zitaacha kutuletea sampuli na watu watapunguzwa kazi. Hakusema wataanza na nani, ila aliitazama ndoo yangu.

Siku ya wakaguzi niliwahi, nikapiga deki, nikapangusa meza, halafu nikanusa. Paliniudhi, pananuka spiriti. Mimi nimelelewa na nyanya, na kwa nyanya mgeni haingii nyumba haijafukizwa, basi nikakimbia nyumbani (si mbali) nikarudi na chetezo, makaa na kipande cha udi alichokuwa amekiweka kwa ajili ya Idi. Nilitaka kufukiza kidogo tu nikitoe nje, lakini nikasikia watu wanasalimiana mlangoni, wakaguzi hao, na mimi kwa haya zangu nikakisukuma chetezo chini ya meza ya mashine ya damu.

Hapo ningeweza kujiokoa. Ila mkaguzi mmoja, mama wa makamo, alifungua friji ya dawa, akatazama kipimajoto, akauliza, "Na hiki kipimajoto chenyewe kinapimwa na nani?" Jamani, miaka yote nakipangusa sikuwahi kuwaza kwamba nacho kinaweza kusema uongo. Nikawafuata nyumanyuma nisikie jibu, makaa nikayasahau kabisa, mpaka king'ora cha moshi kilipolia juu darini.

Tukatoka wote barabarani. Mzee mmoja alitoka na mpira umemkaza mkono, hajatolewa damu bado, na dada mmoja alikuwa na kikopo chake cha mkojo, hajui akiweke wapi. Fundi baiskeli wa jirani akaja na ndoo ya maji, anauliza moto uko wapi. Nikaona atamwagia mashine, nikamwahi, nikaingia ndani, nikatoka na chetezo mikononi, kinafuka, mbele ya umati ule.

Watu wakanipisha. Halafu muuza mbaazi akasema, "Kumbe harusi. Bwana harusi yuko wapi?"

"Nifungueni mkono kwanza," yule mzee akasema, "nami nipige makofi."

Yule mama mkaguzi akanisogelea. "Binti, hiyo nini?"

"Udi."

"Wa nini?"

"Wenu."

Akaufunga mdomo kwanza, nadhani alikuwa anazuia kicheko. "Unanukia. Lakini moshi na majivu havikai na mashine." Akamgeukia Bi Rukia. "Sasa mtajuaje kama bado inasema kweli?"

Bi Rukia hata hakunitazama. Wakafungua madirisha, wakapangusa, kisha akatia mashineni sampuli maalumu ambayo jibu lake linajulikana tangu awali. Nikachungulia kwenye kioo cha mashine. Kumbe mashine nayo inapewa mtihani, na siku ile, mbele ya wakaguzi, ikafeli.

Nilidhani atairudia kimyakimya. Akawaonyesha jibu, akabandika karatasi ya kuzuia mashine isitumike, akamwendea mzee. "Shikamoo, baba. Leo sikupi jibu nisiloliamini. Nitakuomba urudi kesho."

"Na njaa yote hii niliyokaa nayo kwa ajili ya kipimo?"

"Samahani, baba."

"Basi huyo bibi harusi anilipie mbaazi," akasema, na nikamlipia, na mahamri juu.

Kesho yake mashine ilisafishwa ikafaulu. Ithibati ilikuja baadaye, tuliporekebisha makosa tuliyoandikiwa, langu likiwa la kwanza. Bi Rukia alisema yule mama mkaguzi alimwambia kufeli kwa mashine kusingetunyima ithibati, ila kama mzee angepewa jibu la mashine iliyofeli, tungeikosa. Kazi sikufukuzwa. Nyanya aliponiuliza kama wageni walifurahi nilisema walifurahi, ila udi wake wa Idi bado namdanganya kwamba umeliwa na panya.

Sifukizi tena mahali nisipopajua. Hata harusini, chetezo kikinifikia, kwanza natazama juu darini.