Mafaili ya Fundi Futi

Dada yangu hapimi mtu kwa sauti. Mafundi wengine niliowahi kuwaona hupima huku wakitangaza kama wako mnadani, kiuno arobaini na mbili, nyonga hamsini, na mteja wa watu amesimama pale anatamani ardhi ipasuke aingie. Dada huzungusha ile futi yake, anaangalia, anahamia pengine, mdomo kafunga kama ana pini ndani, na mara nyingi kweli anazo. Namba zote zinakaa kichwani. Mteja akishashuka ngazi ndipo anaketi kuandika.

Ndiyo maana watu wanamwita Fundi Futi. Kitu chenyewe hakimtoki shingoni. Kwenye harusi ya binti yake nilimvua futi hiyo mimi kwa nguvu, mlangoni, watu wakitusubiri tupige picha. Mimi ni mdogo wake. Kazi yangu ni vifungo, pindo na pasi, na jina langu hapo kwenye jengo ni Pilipili. Sababu mtaiona wenyewe.

Zamani aliandika kwenye madaftari. Mwaka ule paa lilipovuja juu ya kabati tulikausha kurasa kwa pasi, moja baada ya nyingine, wiki nzima, vidole vikaungua, na yeye akaapa kwamba hatarudia. Akanunua kompyuta ya ofisi moja iliyokuwa inafunga, akajifunza kuchapa kwa vidole viwili, akahamishia humo kila kitu. Kila mteja faili lake. Mpaka mwaka huu yalikuwa mia tatu na kumi na mawili.

Sasa, msidhani ni vipimo tu. Vipimo ni mistari sita. Chini yake ndiko Dada anakotoa ya moyoni. "Bega la kulia limeshuka, weka sponji nyembamba, usimwambie." "Anasema atapungua kabla ya sherehe. Hatapungua." "Mfuko wa ndani wa sigara, mkewe asiuone." Ndivyo anavyofanya kazi: anaona kasoro, anaifunika kwenye kitambaa, mteja anavaa anajiona kapendeza na hajui kwa nini. Mimi mwenyewe ninayeshona vifungo sijui nusu ya mambo. Nikimuuliza hii bitana ina kifuko cha nini, ananijibu neno moja tu, "Shona."

Na kwa kuwa ni mambo ya miili ya watu, hakuandika jina la mtu hata mmoja. Aliwapa majina yake mwenyewe. Shingo Likizo. Miguu ya Meza. Kitambi cha Heshima. Bibi Harusi wa Tatu. Aliamini hapo amemaliza kazi, hata mwizi akiiba kompyuta hatajua nani ni nani. Jamani! Dada yangu ana akili ya mikono kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini hapo alipitiwa. Mtu yeyote wa mtaa wetu angesoma orodha ile angewataja wote bila kukosea. Alidhani amewaficha, kumbe amewapiga picha.

Kompyuta ikaanza kuumwa. Ikawa inazima yenyewe katikati ya neno, ikiwaka inanguruma kama mashine ya kusaga. Fundi wa kompyuta wa ghorofa ya chini akapanda kuisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mama, hii inaaga. Niletee leo nikuhamishie kila kitu. Nusu saa tu."

Dada akamshukuru sana, akamsindikiza, akarudi akafunga mlango kwa komeo.

"Haigusi," akasema.

"Kwa nini? Si ndiyo kazi yake?"

"Kitambi cha Heshima ni baba yake."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alikuwa na hofu ya kweli, na ilikuwa halali yake. Watu wale walimvulia nguo kwa kumwamini. Wakijua kwamba kila wakiondoka anakaa na kuwaandika, tena kwa majina yale, nani atapanda ngazi zetu tena? Na upande wa pili, mafaili yakifa na kompyuta, atawapima upya wote, na wengine wana mambo ambayo hawezi kuwauliza. Aliyajua siku moja kwa vidole, basi. Usiku, aliniambia, hapati usingizi.

Binti yake alikuwa amemletea kishikwambi, kipya, kwenye boksi. "Mama, magoti yako yamechoka na hizi ngazi. Chukua hiki uwe unawafuata wateja makwao." Kilikaa kwenye boksi mwezi mzima. Jumapili moja tukajifungia, sisi wawili, tuhamishe mafaili wenyewe.

Waya tuliuchomeka vizuri, hilo sikubali mtu anibishie. Upande mmoja kompyuta, upande mwingine kishikwambi. Mara kioo kikawaka, ikaonekana namba: asilimia thelathini na moja.

"Yanaingia!" nikapiga kelele.

Tukakaa kuyatazama yakiingia. Thelathini na tano. Arobaini. Dada alileta kiti, akaweka mikono magotini kama yuko hospitali anasubiri kuitwa. Ilipofika sitini nikachemsha chai. Themanini na tano ikagoma kidogo, nikaanza kuilaani, Dada akaniambia nisiitukane itaghairi. Saa mbili na zaidi tulikaa pale. Ilipofika mia tulikumbatiana.

"Haya, sasa tuyafute kule," nikasema, "kompyuta ipumzike, na siri iishe."

"Subiri. Kwanza tuyaone."

Hapo ndipo nashukuru Mungu kwamba mkubwa ni yeye, si mimi. Tulitafuta. Tukafungua kila mlango wa kile kishikwambi. Hamna faili, hamna herufi. Ile asilimia ilikuwa ya chaji. Tulikuwa tumekaa saa mbili tunatazama betri ikijaa.

Nilikasirika nikataka kukitupa dirishani. Dada akakirudisha kwenye boksi taratibu, akafunika, akasema labda ameandikiwa kuanza upya. Sauti yake ile sikuipenda kabisa.

Jumanne akaja Mwalimu Mkuu kujaribu gauni la mahafali. Huyu ni mteja wetu kwa miaka kumi na saba sasa. Akisema "kaa", hata aliyekwisha kukaa anakaa tena. Wazazi wenye magari makubwa huzima injini wakipita mbele yake. Gauni lilimkaa, la bluu nzito, kola ya juu, na alikuwa anajigeuza mbele ya kioo wakati kompyuta ilipokohoa, ikazima, ikawaka tena kwa kelele. Dada akashika kifua.

"Fundi, chombo chako kinataka kufa," Mwalimu akasema.

"Ah, kimezeeka tu, Mwalimu."

"Una kazi zako humo?"

"Kidogo tu."

Kidogo! Mimi nikashindwa. Mdomo wangu huu, najua utanizika.

"Kidogo wapi? Ana mafaili mia tatu na kumi na mawili, Mwalimu, na kishikwambi kipya kipo pale kwenye boksi, na Jumapili tumehangaika kutwa!"

Dada alinitazama. Kama macho yangekuwa mkasi, leo msingenisikia.

"Hilo tu?" Mwalimu akasema, na gauni lake jipya mwilini, pini zikiwa bado pindoni, akavuta kiti. "Shuleni tunahamisha mafaili kila siku. Lete hapa."

"Hapana, Mwalimu, usijisumbue, una shughuli..."

"Fundi. Lete."

Utamfanya nini? Akaletewa. Akachomeka waya uleule, akavuta kioo kwa kidole kutoka juu kwenda chini kama anayeshusha pazia, pakatokea maandishi madogo ambayo sisi hatukuyaona. "Hapa kilikuwa kinachaji tu. Lazima ukiambie unataka kuhamisha mafaili." Akagusa mara moja. Kumbe ni hivyo tu! Kisha akageukia kompyuta, akafungua folda, na orodha yote ikajaa kwenye kioo, herufi kubwa za Dada asiyeona vizuri.

Dada alikuwa ameshika ncha mbili za futi shingoni, anazivuta.

"Shingo Likizo," Mwalimu akasoma polepole. Mdomo ukaanza kumcheza. "Huyu ni msaidizi wangu."

Akashuka mstari mmoja.

"Miguu ya Meza. Mke wa mchungaji! Fundi, wewe!" Akacheka, Mwalimu Mkuu ambaye sijawahi kumwona jino, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha pasi. Mimi nikaanza kupumua. Akachagua yote, akayanakili, akayabandika upande wa pili, na safari hii kulikuwa na mstari wa kijani unaotembea, mafaili hamsini, mia, mia mbili. Haikufika hata dakika mbili.

"Sasa tufungue moja kwenye kishikwambi tuhakikishe yanasomeka." Kidole kikashuka kwenye orodha, kikasimama. "Simba Jike. Huyu ni mimi, sivyo?"

"Mwalimu," Dada akasema, "fungua jingine. Nakuomba."

Mwalimu alishagusa.

Akasoma kwa sauti, akitabasamu bado. "Kifua, kiuno, nyonga... 'Ameongezeka, hataki kuambiwa, ongeza kimya kimya.' Asante sana, Fundi. 'Anapenda mifuko ya chaki. Anasimama kutwa, pindo lisiguse kisigino.'" Nilimwona anarudi juu, anasoma tena mstari uleule. Alipoendelea sauti ilikuwa ndogo, sauti ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuisikia.

"'Amerudi kutoka likizo ndefu ya ugonjwa. Ziwa la kushoto halipo. Hajasema, usiulize. Bitana upande huo iwe na kifuko cha sponji. Kola ipande juu. Mkono wa kushoto unavimba wakati wa joto: mkono wa gauni ongeza inchi moja, na wa kulia pia ongeza, ili isitofautiane. Asijue kwamba tunajua.'"

Miaka kumi na moja tangu likizo ile. Magauni yote yale nimeyapiga pasi mimi, nimeshona vifungo vyake vya kola, nimeuliza kifuko ni cha nini nikaambiwa shona. Nilisimama pale na pasi mkononi, aibu imenijaa, sijui nitazame wapi.

Dada alikuwa analia. "Nisamehe, Mwalimu. Sikumwambia mtu. Hata huyu sikumwambia. Niliandika nisije nikasahau nikakukatia vibaya, ukaonekana mbele ya watu."

Mkono wa Mwalimu ulikuwa umekwenda wenyewe upande wa kushoto wa gauni jipya, unapapasa bitana kwa ndani.

"Nilinunua nguo dukani mwaka ule," akasema. "Tatu. Nikazivua zote nikalia. Nikaja kwako, ukanipima hukusema neno, na nilipovaa nikajiambia, ahaa, kumbe haionekani. Kumbe hata fundi hakugundua." Akacheka kidogo, machozi yakiwa yanashuka. "Nikarudi darasani kesho yake. Fundi, mimi nilirudi darasani kwa sababu ya lile gauni."

Dada akapiga goti chini, magoti yaleyale mabovu, akaanza kubana pini za pindo ambazo hazikuwa zimelegea.

"Mwalimu," akasema baadaye akiwa chini kulekule, "nitabadilisha yale majina yote. Niweke namba."

"Usiguse. Shingo Likizo ataitwa namba arobaini, utamkumbukaje?" Sauti ya shule ilikuwa imerudi. "Kinachotakiwa ni kufuli. Njoo uweke namba ya siri. Wewe peke yako. Wewe Pilipili, geuka ukutani."

Nikageuzwa ukutani, mtu mzima na wajukuu, nikasikia kidole kikigonga mara nne. Nilisema nimeonewa. Hakuna aliyenijali.

Kabla ya kubadilisha nguo Mwalimu aliomba kishikwambi mara moja, akainama juu yake, akachapa kwa vidole vyote kumi upesi upesi, akakifunga. Akavaa nguo zake, akaniachia gauni mikononi, akaaga, akashuka ngazi mgongo umenyooka kama kawaida. Chini tulimsikia akimkemea mtu aliyeegesha pikipiki mlangoni.

Dada akafungua Simba Jike, akanisogezea nami nione. Maneno yake yote yalikuwepo kama alivyoyaacha, mpaka pale mwisho, "Asijue kwamba tunajua." Chini yake palikuwa na mstari mpya.

"Ameshajua. Endelea hivyohivyo."

Nilianza kulia kwa sauti, na Dada akaninyang'anya gauni la bluu mikononi, akasema kama ni kulia nikalie nje, nisije nikalowesha bitana.