Siku Mabomba Yalipopita Begani

Mimi ni mtu wa maneno mengi, najijua. Lakini katika nyumba niliyoolewa, pale Chemchem, mtu niliyemhudumia kuliko wote ndiye niliyezungumza naye kidogo kuliko wote: baba mkwe wangu. Kwa desturi yetu mkaza mwana na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawali pamoja. Kila asubuhi nilipiga magoti nje ya mlango wake. "Shikamoo, baba. Maji yako ya kuoga haya." Naye hujibu kutoka ndani, "Marahaba, mama," nami nikaiacha ndoo na kwenda zangu. Basi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Ndoo hiyo ilikuwa inanimaliza. Mabomba ya mtaa wetu yalilazwa enzi ya Mjerumani, na kutu ilikuwa imeyala hata ukisimama barabarani unasikia maji yakipotea bure chini ya mchanga. Bomba la mtaa likifunguliwa lilikohoa, likatema maji mekundu, likanyamaza. Basi tukashuka kisimani, bondeni. Huko ndiko mimba yangu ya kwanza ilikoharibika, nikiwa nimebeba debe kichwani, sijafika hata nusu ya mpando. Mume wangu, kijana mwema aliyefanya kazi reli na kulala safarini kuliko nyumbani, alilia. Mimi sikulia. Nilikasirika, na hasira hiyo nikakaa nayo muda mrefu. Nilipopata mimba ya pili niliuogopa mteremko ule kama mtu anavyoogopa nyoka.

Kwa hiyo serikali ya Mwingereza ilipotangaza kwamba mabomba yote mabovu yatang'olewa na kuwekwa mapya, kisha barabara ziinuliwe kwa changarawe na kuchimbiwa mitaro ya mvua, nilihesabu miezi kwa vidole nikaona maji yatamtangulia mtoto. Vibarua walichimba handaki katikati ya barabara yetu, njia ile ile ya zamani ya misafara ya pwani. Wakayatoa mabomba ya Mjerumani, wakayapanga kando, yametoboka kama chujio. Sasa hata yale maji mekundu hatukuwa nayo.

Ndipo mvua ikawahi. Mabomba mapya yalikuwa yameshushwa stesheni, na lori la kwanza lililoyapakia lilizama kwenye tope la barabara iliyochimbuliwa, likalala ubavu. Msimamizi wa kazi, Mzigua mmoja kutoka pwani, fundi hasa, akapita mtaani kutoa habari: kazi imesimama mpaka masika yaishe.

Nilikuwa uani. Nililitupa debe chini, nikashika tumbo, nikasema kwa sauti neno ambalo mkaza mwana hasemi baba mkwe akisikia: "Basi na huyu naye atabaki bondeni!"

Baba mkwe alikuwa amekaa barazani. Alikohoa. Msimamizi akamwona, akamchokoza, maana Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu siku za misafara.

"Mtani! Zamani mlituletea pembe za ndovu mpaka mlangoni kwa babu zangu. Leo punda wetu mmezeeka, kibomba cha maji kinawashinda!"

Mtani hakasirikiwi. Anajibiwa, tena kwa kuzidiwa.

"Babu zako walikaa kivulini wakingoja kuletewa," alisema baba mkwe. "Na wewe utaletewa. Ila la mwisho unabeba mwenyewe."

Msimamizi alicheka akaenda zake. Mzee akaingia ndani, akatoka na ngata kuukuu ya nguo, ya kuwekea mzigo begani, akashika njia ya Isevya, mtaa wa wapagazi wenzake wa zamani, kwenye mvua ile. Nilidhani ni hasira za uzee, zitapoa.

Kesho yake nilisikia wimbo kabla sijaona kitu. Sauti moja ilianza, nyingi zikaitikia, nzito, zikija taratibu kutoka upande wa stesheni. Mtaa mzima ulitoka nje. Walikuwa wazee watupu. Wale waliokuwa wakisinzia kwenye baraza, wanaonyweshwa uji na wake za watoto wao, walikuja wawili wawili na bomba la chuma begani, tope likiwafika kwenye muundi, na hakuna aliyeyumba. Hatua yao ilikuwa moja. Kule kuliko na lori lililolala walipita kando bila hata kulitazama.

Mbele alikuwa baba mkwe, akiimbisha. Nilimtazama usoni, Mungu anisamehe, kwa mara ya kwanza. Shati lilikuwa limelowa na kumshika, nikaona bega lake lina sugu iliyoinuka kama nundu ndogo, sugu ya mizigo ya ujana wake wote. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu na sikumjua hata kidogo. Wanawake walipiga vigelegele.

Vijana waliona haya wakaingia chini ya mabomba, na kazi ikaendelea hivyo mvua na jua mpaka stesheni likabaki bomba moja tu. La mwisho wazee walimtwika mtani wao. Alikwenda hatua chache, akakaa kwenye tope na bomba lake, akicheka mpaka machozi, nao wakamwinua pamoja nalo.

Handaki lilipofukiwa, changarawe ikamwagwa, na tukaambiwa bomba linafunguliwa, mimi nilikuwa mzito, kutembea ni shida. Nilitafuta ndoo sikuiona. Kelele za furaha zilitoka barabarani, kisha zikakatika ghafla. Nikachungulia mlangoni. Baba mkwe alikuwa anakuja katikati ya barabara mpya, ndoo begani, maji meupe yakimmwagikia mgongoni, na mtaa wote unamwangalia mzee mwanamume akimchotea maji mke wa mwanawe.

Nilirudi ndani upesi. Nikasikia ndoo ikitua nje ya mlango wangu.

"Maji yako ya kuoga haya, mama," alisema, na kwa sauti nilijua amegeuza uso pembeni. "Kisimani sasa basi."

Nilikaa chini nyuma ya mlango, nikamlilia yule wa kwanza.