Hadithi Moja kwa Kila Kabila

Kaka yangu alipokufa aliacha mke, viatu vya kazi na hadithi moja ndefu, aliyoiandika kwa mkono kwenye karatasi alizookota huku na huku. Alifanya kazi kwenye tanuri la shaba, na kifua ndicho kilichomwua. Hadithi yake ilikuwa ya mji ulio chini ya mgodi. Jua la mji huo ni shaba iliyoyeyuka, na mtoto akisema huko juu kuna anga, wenzake wanamcheka. Hakuna aliyemsimulia. Aliitunga mwenyewe, nami nilimwona akiitunga, anatikisa kichwa, anafuta, anaanza tena.

Wakati wa kilio, ndugu waliotoka Kipushi waliisoma kidogo wakairudisha upesi. Mmoja akauliza, sauti ya chini lakini tusikie:

“Muntu anajua bantu ba chini ya udongo namna hii, alikuwa anatembea na nani?”

Toka siku ile chakula cha wifi yangu, mjane wake, hawakukigusa, wakiogopa uchawi.

Ndipo tukasikia kwamba nyumba moja ndogo ya uchapaji mjini inatafuta hadithi za ajabu kwa ajili ya kitabu. Wifi akaona njia. Hadithi ikitoka kitabuni, na jina la mumewe likiandikwa kuwa ndiye mtungaji, ndugu watajua ilitoka kichwani mwake, si kwa watu wa chini. Tulipeleka karatasi, zikakaa huko wiki nyingi. Mimi sikuwa na amani. Kila nilipopita karibu na mtaa ule nilijiuliza ni mkono wa nani unazifungua.

Mwisho tukaitwa. Mkubwa wa pale alivaa abakosti safi, ile suti isiyo na tai, akatuvutia viti mwenyewe. Adabu yake ilinitia wasiwasi.

“Bamama, poleni na kilio. Hadithi iko muzuri sana. Sasa, marehemu alikuwa muntu wa wapi?”

Katika mji wetu swali hilo haliulizwi bure. Nilikuwa nimeshaona watu wakiulizwa hivyo mlangoni pao, halafu vyombo vyao vikatupwa nje, wakaambiwa warudi kwa babu zao.

“Wa hapa,” nikasema. “Alizaliwa hapa hapa.”

“Najua, mama. Lakini babu yake?”

“Kasai,” wifi akajibu.

Yule bwana akapumua kama mtu aliyepewa mzigo. Akatueleza kwamba kitabu kitakuwa na hadithi moja kwa kila kabila, ili asiwepo wa kulalamika, na ya Kasai alikuwa nayo tayari. Ilikuwa ya sungura. Lakini tukimtajia mzee aliyeisimulia hii yetu, angeweza kuibana pembeni ya ile.

“Chini tutaandika: imekusanywa na, halafu jina la marehemu.”

“Hakuna mzee,” nikasema. “Babu yetu hakuona mgodi hata siku moja.”

“Mama, babu mumoja tu. Nani atamuuliza? Si alishakufa?”

Wifi akauliza, “Bote bamo kitabuni balikusanya?”

“Karibu bote. Kuko profesa mumoja, muzungu. Ye alitunga. Safari ya kwenda ku nyota.”

“Na ye mulimuweka ku kabila gani?”

Yule bwana akacheka. Tukamngoja amalize.

“Mukiandika alikusanya,” wifi akasema, “ndugu zake batauliza alikusanya wapi.”

Hakumwelewa, na wifi hakumfafanulia. Akanyoosha mkono. “Tupe karatasi zetu, papa.”

“Muziache kwanza. Tufikiri.”

Neno lile “muziache” ndilo lililonimaliza. Wifi hakuurudisha mkono wake mpaka karatasi zilipowekwa juu yake.

Barabarani akaniuliza, “Ziko zote?”

“Zote.”

“Mashine ya kuandika niliiona pale mezani kwake.”

“Nami niliiona.”

Wiki zile zilitosha mtu kuinakili yote.

Kitabu kilipotoka nilikwenda sokoni, kwa muuza vitabu, nikakisoma nikiwa nimesimama. Nilikuwa nautafuta ule mji wa chini, kwa jina lolote, kwa kabila lolote. Nilikuwa nimeyaandaa hata maneno ya kwenda kumtupia yule bwana usoni. Nikampita sungura. Nikazipita nyota. Nikarudi mwanzo nikaangalia tena, safari hii polepole.

Haikuwemo. Hapo niligundua kwamba nilikuwa nimetamani niikute. Hata ikiwa imeibwa, hata chini ya jina la mtu mwingine, mradi pale sokoni awepo mtu mmoja anayesoma juu ya mtoto aliyechekwa kwa sababu ya anga.

Wifi nilimwambia tu kwamba haimo. Akasema vizuri. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi.