Mabawa ya Malaika wa Bartholomeo

Bartholomeo Kalinga alikuwa fundi wa milango na majeneza katika kigango kimoja cha milimani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Iringa mjini. Mwaka 1956, kanisa jipya lilipokwisha kuezekwa, padre alimpa gogo la mninga na picha ndogo ya malaika, akamwambia achonge mmoja wa kukaa juu ya altare.

Uso haukumsumbua, alichonga wa binti yake Paskalina. Kilichomtesa ni mabawa. Katika picha yalikuwa kama mito miwili ya kulalia, na manyoya yamepangwa kinyume, ndege wa hivyo angeanguka palepale. Basi akaokota mwewe aliyekufa, akamtandaza mezani, akamsoma unyoya kwa unyoya. Miezi miwili alichonga.

"Baba Paskalina," mkewe Verediana alisema alipoyaona, "huyu kaja kubeba vifaranga."

Padre naye alitikisa kichwa. Mabawa ya malaika, alieleza, ni alama ya wepesi wa kumtii Mungu. Yawe mapole, kama ya njiwa. Bartholomeo akayang'oa, akachonga ya njiwa. Safari hii katekista Liberatus ndiye aliyelalamika: mabawa madogo, malaika kawa kama kuku.

"Na kweli hawezi kuruka," Bartholomeo alimwambia padre.

"Haruki, Fundi. Ni alama tu."

"Kama ni alama tu, Baba Padre, mwewe amekosa nini? Nani anashuka kutoka juu kwa wepesi kumshinda?"

Padre akaichukua ile picha mezani, akampa tena. "Fuata hii."

Akaifuata, pamoja na makosa yake yote, akapaka rangi nyeupe. Siku ya kubariki kanisa watu walimshika mkono, wengine wakitoa machozi. Liberatus akasema sasa ndiyo malaika. Bartholomeo aliitikia asante, bila kuinua macho kumtazama malaika.

Mwaka uliofuata Walutheri wa Ipogolo walimtuma mzee wao wa kanisa, Sedekia, kumwomba Bartholomeo awachongee tai wa mbao, wa kuwekewa Biblia juu ya mabawa wakati wa kusoma. Bartholomeo alimjibu kwamba ana majeneza mengi ya kutengeneza.

Kanisani sasa alizoea kukaa nyuma ya nguzo, mahali ambapo altare haionekani, wala malaika aliye juu yake. Verediana alimsihi ahamie mbele na wanaume wenzake. Yeye alimjibu kwamba huku nyuma kuna hewa.