Mitejokote ya Crescencia

Crescencia Tecuapetla aliuegemea mtejokote wake ukingoni mwa korongo apumue kidogo, na mti ukaanza kulala. Haukuvunjika. Ulilala taratibu, kama mlevi anayetafuta ukuta. Akaruka pembeni, akajishika kifua, kisha akapiga magoti kutazama chini. Upande wa korongo palikuwa pamechimbwa. Mizizi yote minene ilikuwa imekatwa kwa panga, na shimo likafunikwa kwa majani makavu ili mtu asijue.

Akauendea wa pili. Akauendea wa tatu. Hali ileile.

Mwizi wa matunda angemwelewa, maana njaa anaijua. Lakini huyu alikuwa ameula mti kuanzia chini, matunda yangali mabichi matawini!

Mama yake ndiye aliyeipanda miti ile ukingoni ili mvua isishuke na mashamba. Sikukuu ya wafu ikikaribia, kitongoji kizima kilikuja kuchuma vitunda vile vya manjano, wakavitunga kama rozari na kuvitundika juu ya meza ya marehemu wao. Desemba walivichemsha na miwa, wakanywa maji yake ya moto. Aliyetaka mpea, Crescencia alimpandikizia kijiti chake juu ya shina la mtejokote, kwa kuwa shina hilo haliogopi baridi ya mlima. Mwenye kikohozi alipewa kipande cha mzizi kisichozidi kidole, lakini kwanza alete tenga la samadi aulishe mti. Asiyeleta alikohoa.

Mwezi uliopita alipita mfanyabiashara na gari lake, akitafuta mizizi hiyo ya kutengenezea dawa ya kukondesha watu wa mjini. Crescencia alimfukuza kwa ufagio, akadhani yamekwisha.

Akafuata udongo uliodondoka njiani. Ukampeleka hadi kwa Wulfrano Cuautle, kompadre wake, baba wa ubatizo aliyemshika Abundio, mwana wa Crescencia, siku ya ubatizo. Juu ya paa mizizi ilikuwa imekatwakatwa na kuanikwa kama makopa ya muhogo.

"Siku njema, kompadre."

"Siku njema, komadre. Karibu, kahawa ipo."

"Ahsante, sikufuata kahawa. Hicho ulichoanika juu ni nini?"

Wulfrano akavua kofia, akalitazama paa lake kana kwamba limejengwa jana. "Mizizi."

"Ya wapi?"

"Ya... ya ardhini, komadre."

Jikoni, mkewe Obdulia alipaliwa na kicheko.

"Usikasirike, komadre. Miti ile imezeeka. Na huko mjini wanawake wanalipa fedha nzuri ili wakonde!"

"Waje huku. Sisi tunakondeshwa bure."

Moyo ulimchemka, lakini sauti hakuipandisha. Kwetu kompadre hagombezwi. Ndugu yako utamtukana, hata padri ukiwa mbali naye, lakini mtu aliyemshika mwanao kwenye maji ya ubatizo unamwamkia kwanza na kumpisha njiani.

"Iliyobaki utaiacha, kompadre?"

"Jumamosi mnunuzi anarudi. Nimeshamwahidi." Akavaa kofia yake. "Wala hutanishtaki. Mimi ni kompadre wako."

Hapo ndipo Crescencia alipoelewa. Korongoni kulikuwa na mitejokote ya watu wengine, na Wulfrano hakuigusa hata mmoja. Alichagua ya komadre wake kwa sababu ya ubatizo! Heshima aliyompa miaka yote, mwenzake aliifanya mtaimbo wa kuchimbia.

Ijumaa, kwenye mkutano wa kitongoji, alisimama akamtaja kwa jina. Watu wakaguna, na walimgunia yeye.

"Mama, huyo ni kompadre wako!" mzee mmoja akamkaripia.

"Najua ni nani. Nilimpikia siku ya ubatizo, akala sahani tatu."

"Mambo ya makompadre huzungumzwa nyumbani."

"Nyumbani kwake ndiko mizizi ilikoanikwa! Nikazungumze na paa?"

Nyuma wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mnanitolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyechimba. Aliyeiba amekaa hapo na kofia yake mapajani, hakuna anayemuuliza kitu. Haya, ukingo ukibomoka, korongo likifika uani kwenu, mtalizuia kwa adabu? Mtaliambia siku njema?"

Mwenyekiti akamwuliza Wulfrano kama ni kweli. Wulfrano akasema alidhani miti itastahimili.

Wakaamua asiruhusiwe mtu kuchimba tena. Jumamosi vijana waliligeuza gari la mnunuzi darajani, likarudi lilikotoka. Wulfrano aliamriwa kupandisha udongo kutoka chini ya korongo mpaka mizizi iliyosalia ifunikwe. Hata hivyo, kinu cha kusagia mahindi kilipofunguliwa wiki ile, wanawake kadhaa walimgeuzia Crescencia mgongo. Aliwasalimia kwa sauti kubwa, mmoja mmoja kwa jina.

Ule mti uliolala haukuinuka. Mingine miwili aliisimamisha kwa magongo yenye panda, akaipunguzia matawi, akabaki pale ukingoni mikono kiunoni huku Wulfrano akipanda na tenga mgongoni, jasho likimtiririka.

"Komadre," alihema, "tusameheane tu sasa?"

"Mti ukichipua, kompadre wangu wa heshima, uniulize tena. Kwa sasa, kwa hisani yako, tenga jingine. Hapa bado pana tundu."